KIBANIO CHA RELI



Treni ya abiria ilirudi Arusha mwaka 2020. Ukifika Dar es Salaam utaona reli nyingine, ya kisasa, iendayo Dodoma. Ilianza kubeba abiria mwaka 2024. Reli hiyo imelazwa juu ya mataruma ya zege.

Je, inashikwa na nini? Inashikwa na vibanio vya chuma cha springi. Kibanio husukumwa kwa nguvu mpaka kikae mahali pake. Kama upinde uliovutwa, kinataka kurudi. Kwa hiyo huikandamiza reli daima, hata treni inapoitikisa.

Vibanio vikiondolewa, reli husogea. Treni huweza kuanguka, na watu wakafa.

Ukiuziwa vibanio kama chuma chakavu, usinunue. Toa taarifa polisi. Reli ni mali yetu sote.