Upana wa Herufi ni wa Wote, Umbo Lina Mwenyewe

Na Mwanaidi Shekue

Mwaka 1993 Hermann Zapf, msanifu mashuhuri wa herufi kutoka Ujerumani, alijitoa katika ATypI, chama cha kimataifa cha watu wa taaluma yake. Kampuni ya Monotype ilikuwa imetoa Book Antiqua, fonti inayofanana mno na Palatino ya Zapf, na Microsoft ikaisambaza pamoja na programu zake. Monotype ilikuwa mwanachama wa chama hichohicho. Zapf aliona chama kinawafumbia macho wakubwa wake, na mimi namuunga mkono. Baadaye Windows 2000 ilikuja na Palatino yenyewe, kwa leseni. Kumbe kulipia kuliwezekana.

Sheria ndiyo iliyoacha mlango wazi. Nchini Marekani hakimiliki hailindi umbo la herufi. Inalinda programu ya kompyuta inayolichora. Anayelichora upya umbo lilelile kwa mkono wake hana kesi ya hakimiliki. Uingereza, kwa sheria ya 1988, humpa msanifu ulinzi wa miaka 25. Mkataba wa Vienna wa 1973 wa kulinda maumbo ya herufi ulikusudiwa kuyaweka mataifa pamoja, lakini haukuwahi kuanza kutumika, kwani walioridhia hawakutosha.

Wanaotetea kunakili wana hoja moja nzito. Ukifungua waraka kwenye kompyuta isiyo na fonti iliyotumika, mistari inahama, jedwali linavunjika, kurasa mbili zinakuwa tatu. Kwa mkataba au mtihani, hilo ni balaa. Ila kinachoshikilia mistari mahali pake ni vipimo, hasa upana wa kila herufi. Mikunjo na ncha zake hazihusiki. Mwaka 2007 kampuni ya Red Hat ilitoa fonti za Liberation: upana ni uleule wa Arial, Times New Roman na Courier New, maumbo yamechorwa upya kwa sura yake. Waraka unatulia, na hakuna aliyeporwa.

Hapo ndipo ninapoitaka ISO, shirika la kimataifa la viwango. Tayari ina kiwango cha kimataifa cha muundo wa faili la fonti, ambamo upana wa herufi una jedwali lake. Isiishie hapo. Vipimo vya fonti ambazo ofisi na mahakama zinazitegemea vitangazwe kuwa mali ya umma, na kiwango kiseme waziwazi kwamba ruhusa hiyo haigusi umbo. Anayelitaka umbo aende kwa mwenyewe, wakubaliane bei.