Abbas bin Firnas aliruka, kisha ikawaje?

Haipiti miezi miwili ila video ile ile inarudi kwenye grupu letu la familia: Muislamu wa Andalus aliruka miaka elfu kabla ya kina Wright. Ami anaituma kutoka Dubai, binamu anaituma tena kutoka London, sote tunaandika mashaallah, basi. Mara ya mwisho mwanangu alikuwa kakaa ubavuni mwangu, akauliza, "Baba, kisha ikawaje?" Nikakosa la kumjibu.

Abbas bin Firnas alikuwa mtu wa Qurtuba, mshairi na mjuzi wa nyota, akafariki mwaka 887. Khabari ya kuruka kwake tunaipata kwa al-Maqqari, aliyeandika zaidi ya miaka 700 baadaye, tena kwa maneno machache: alijivika manyoya, akajifunga mbawa, akaelea masafa, kisha akatua vibaya akaumia mgongo, kwa sababu alisahau kwamba ndege hutulia kwa mkia.

Mkia! Video inakatika kabla ya hapo, na mimi naona hapo ndipo penye faida. Maana karne ya 11 mtawa mmoja wa Uingereza, Eilmer, alijirusha kutoka mnarani na mbawa zake, akavunjika miguu, naye akasema kosa lake ni kukosa mkia. Kosa lile lile, mtu mwingine, mifupa mingine.

Sasa mtazameni Mjerumani Otto Lilienthal. Naye alianguka, Agosti 1896, akafa kesho yake, baada ya kuruka kutoka vilimani yapata mara 2,000. Lakini vipimo vyake alikwisha kuvichapa. Wilbur na Orville Wright, mafundi baiskeli wa Ohio, wakavichukua, na mbawa zao za 1901 zilipokataa kunyanyua kama hesabu ilivyosema, wakaunda sanduku la mbao lenye feni, wakajaribu ndani yake vijibawa vya maumbo kiasi ya 200. Tarehe 17 Disemba 1903 Orville akaruka sekunde 12. Siku hiyo hiyo Wilbur akafika sekunde 59.

Wako watakaosema namdharau Abbas. Wallahi simdharau, aliyejirusha mbele za watu ana moyo kuliko sisi tunaobonyeza simu. Ninacholalamikia ni kwamba tunawapa wanetu fahari tu, anguko tunalificha. Halafu mtoto akifungua redio aone ndani mna nini, nyumba nzima inampigia kelele. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo, zaidi ya mara moja.

Video itumeni, ndugu zangu, lakini mmalizieni mtoto kisa mpaka kwenye mgongo ulioumia, na mumuulize yeye angefanyaje.

Wangu nimemnunulia daftari. Ijumaa tiara yake imeanguka ufukweni hapa Sib, ya tatu hiyo. Kaandika: "Mkia mfupi. Nitaongeza shubiri moja."