Waacheni watoto waimbe nyimbo za kuchekesha

Wapo wazazi, huku Kivu, wanaowakemea watoto kambini wakiimba nyimbo za mchezo. Eti wakati wa vita si wa kuchekacheka. Katazo hilo halifai.

Mwaka 1968, Ringo Starr, mpiga ngoma wa kundi la Beatles la Uingereza, alichoshwa na magomvi ya kundi, akaondoka kwa muda mpaka Sardinia, kisiwa cha Italia. Huko, nahodha wa mashua alimsimulia kwamba pweza huokota mawe na vitu vinavyong'aa, akajipangia bustani chini ya bahari. Starr akatunga wimbo wa mtu anayetamani kukaa humo, Octopus's Garden. Mwenzake George Harrison akamsaidia kuumaliza, na mwaka 1969 ukarekodiwa, hata na sauti ya mapovu ya maji.

Starr alikimbia magomvi, si risasi. Lakini hamu ni moja: pahali pa amani. Mtoto aliyeacha nyumba Masisi ama Rutshuru, akiimba juu ya bata mwenye nyumba ya mabati, hajasahau vita. Anajijengea kwa kinywa nyumba ambayo hakuna wa kumfukuza. Wakubwa wampigie makofi.