Mezani kwa Karani: Kuyanywesha Matumbawe Chokaa

Juma lililopita mzee jirani yangu alinijia ofisini na barua mkononi. "Bwana Karani," akasema, "binti yangu aliye Ujerumani ameandika kwamba kila usiku anayanywesha mawe chokaa. Nisomee tena, nijue kama ni mzima."

Nikasoma, nikaona ni mzima kabisa. Mwenye nyumba anamopanga amesafiri majuma matatu, akamwachia tangi la kioo la lita 300, lenye maji ya chumvi, samaki wadogo na matumbawe. Matumbawe hukua polepole, tena hununuliwa kwa fedha nyingi. Binti anaogopa yasije yakamfia mikononi.

Ndugu msomaji wa bara, usidhani tumbawe ni jiwe tu. Ni viumbe vidogo laini vinavyokaa pamoja kwa maelfu, na kila kimoja hujijengea nyumba ya mawe chini yake. Vifaa vyao vya kujengea ni kalsiamu iliyoyeyuka majini, pamoja na kitu cha jamii ya magadi. Baharini kalsiamu haiwaishii: kila lita ina miligramu 410 hadi 420 hivi. Lakini katika tangi la lita 300 kalsiamu yote haifiki gramu 130, na wajenzi hawapumziki. Leo yapungua kidogo, kesho kidogo, mwisho ujenzi husimama na viumbe wenyewe hudhoofika.

Ndiyo maana ya chokaa. Wajerumani huiita Kalkwasser, yaani maji ya chokaa, na Peter Wilkens ndiye aliyeieneza njia hiyo kwa maandishi yake ya miaka ya 1970. Kila siku maji ya tangi hupungua kwa kugeuka mvuke, chumvi ikabaki. Mahali pa yaliyopotea hutiwa maji safi yasiyo na chumvi, yaliyokorogwa na chokaa safi, gramu moja na nusu kwa lita. Lita 3 za namna hiyo huongeza miligramu 8 hivi kwa kila lita ya tangi, na kile cha jamii ya magadi huongezeka pamoja nayo.

Hapa ndipo penye hatari. Maji ya chokaa ni makali, huunguza macho na ngozi. Ukiyamimina kwa mkupuo, tangi hugeuka jeupe kama tui la nazi, kalsiamu huganda na kuanguka chini kama unga, na samaki waweza kufa wote. Wajuzi huyadondosha tone kwa tone, hasa usiku. Wakati huo hakuna mwanga, hewa ya pumzi huzidi majini, na maji huanza kuelekea uchachu, chokaa huyarudisha.

Binti apime, aone kalsiamu iko kati ya 380 na 450. Ikiwa imeshuka sana, chokaa peke yake haitatosha. Iko chumvi nyingine ya kalsiamu kwa kazi hiyo, nayo asiiguse kabla ya kumwuliza mwenye nyumba kwa simu. Na ikiwa kalsiamu haikai hata ikiongezwa, apime magnesiamu, ambayo baharini ni karibu miligramu 1,300 kwa lita. Hiyo ndiyo izuiayo kalsiamu isigande ovyo.

Nilimweleza mzee kwamba chokaa hiyo ni ndugu ya ile iliyojenga msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani. Watu wa pwani walipanga magogo, wakaweka matumbawe juu, wakachoma hata ikabaki chokaa. Wao waligeuza tumbawe kuwa chokaa. Binti yake anairudisha chokaa iwe tumbawe. (Msiende kuvunja matumbawe hai mkasema Karani ndiye aliyewafundisha. Hapo ndipo samaki wanapozaliana.) Lakini chokaa ya kupaka ukutani asiitumie, huwa na takataka nyingine.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama viumbe hivyo huliwa. Nikamwambia haviliwi.

"Haya," akasema, "andika kwamba asiwe na haraka. Na hiyo chupa ya chokaa aiandike jina, aiweke juu, mbali na watoto."

Barua nimeipeleka posta Jumatano.