Kabla Upige Rangi, Toa Hati Sandukuni

Wasee, leo tuongee kuhusu hii tabia moja. Mtu anaamua anauza nyumba, halafu kitu ya kwanza anafanya ni kupigia fundi wa rangi simu. Pesa ni kidogo, pengine amekopa kwa sacco, na tayari broka amemwambia ati bila makabati mapya jikoni hakuna mtu atanunua. Mimi naona hapo ndipo tunapotea. Kama bajeti yako ni ya kubana, rangi inafaa kuwa ya mwisho.

Nitawaambia kwa nini. Mnunuzi wa Kenya ni mtu ashaogopeshwa. Amesikia habari za hati feki, za ploti moja kuuziwa watu watatu, za nyumba kubomolewa watu wakiwa wamelala. Akiingia kwako macho yanaangalia vigae, lakini moyo unauliza: hii kitu ni yako kweli? Hilo swali hakuna rangi inaweza kulijibu.

Kwa hivyo anza na karatasi. Toa hati miliki, uhakikishe jina na nambari ya kitambulisho viko sawa. Fanya sachi kwa ofisi ya ardhi wewe mwenyewe, kabla mnunuzi akufanyie. Kama uko Nairobi, mambo mengi ya ardhi yanapitia Ardhisasa tangu 2021, kwa hivyo fungua akaunti mapema. Lipa deni la reti za kaunti upate cheti cha kuonyesha umemaliza. Kama ardhi ni ya kukodishwa na serikali, angalia miaka imebaki mingapi na kama kodi yake imelipwa.

Halafu kuna jambo la familia, ambalo watu hupenda kuliruka. Kama jina kwenye hati bado ni la marehemu babu, hakuna mauzo hapo mpaka mahakama ithibitishe urithi, hata mpake dhahabu ukutani. Na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mke na mume. Sasa imagine umetumia laki mbili kurembesha nyumba, mnunuzi amekuja na pesa, halafu mama anasema hatii sahihi. Hizo pesa zimeenda.

Piga hesabu ya ushuru pia. Tangu Januari 2023, ushuru wa faida ya kuuza mali ni asilimia 15, na anayelipa ni muuzaji. Faida yako ikiwa milioni 2, hapo laki 3 si zako. Kuna afueni kama ni nyumba umeishi mwenyewe mfululizo miaka 3 kabla ya kuihamisha, kwa hivyo muulize wakili wako mapema. Mnunuzi naye ana ushuru wake wa stempu, asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani. Kwa nyumba ya milioni 5 mjini, hiyo ni laki 2 juu ya bei. Ukijua hivyo, utaelewa kwa nini anabishana na wewe juu ya elfu hamsini.

Karatasi zikikaa sawa, sasa tuingie ndani ya nyumba. Pesa kidogo iende kwa vitu vinavyovuja, vinavyokwama na vinavyonuka. Mfereji unaodondosha maji. Mlango wa choo ambao lazima uusukume na bega. Soketi iliyoungua. Mtaro wa mabati uliojaa majani. Lipa fundi mmoja unayemwamini siku mbili, usimame hapo ukiangalia. Kisha osha kuta kwa sabuni na maji ya moto kabla uamue kama kweli zinahitaji rangi. Nyingi zinahitaji tu kitambaa na mkono.

Vingine ni vya bure kabisa. Punguza viti vya sebule, mtu asipite kando kando kama kaa. Toa kalenda za wanasiasa za 2017. Kata ua wa kayaba, funga mbwa, fungua mapazia, piga picha asubuhi jua likiwa zuri. Mgeni akifika, fungua mfereji maji yatoke akiona. Kwa mitaa mingi yetu, maji yanayotoka yanauza kuliko dari ya jipsamu.

Najua mtu atasema, "Lakini watu hununua kwa macho." Ni kweli, macho ndiyo huwaleta hadi kwa geti. Lakini anayelipa si macho. Kuna wakili wa kusoma hati, pengine na benki ya kutuma mthamini. Hao hawatishwi na taa za rangi rangi.

Na kuna hii ya kupaka rangi juu ya unyevu ndiyo usionekane. Hapo mimi sikubali, hata bajeti iwe ndogo aje. Mvua za Machi zikifika ukuta utasema ukweli, na anayelala hapo na watoto ni mtu alikuamini na akiba ya miaka kumi. Tafuta maji yanatoka wapi, uyazibe. Ukishindwa, mwonyeshe mnunuzi na upunguze bei. Kuuza kwa bei ya chini kidogo si aibu. Aibu ni kupokea pesa ya mtu halafu uanze kuhepa simu zake.

Nyumba nyingi huuzwa kwa sababu kuna bili ya hospitali, karo, ama wazazi wanarudi ocha. Hizo si pesa za kucheza nazo. Kwa hivyo kabla utume fundi hata mia tano ya brashi, niambie: hati yako iko wapi, na jina lililoandikwa hapo ni la nani?