WAFANYAKAZI ARUSHA, MFUATENI MBUNGE KABLA MNADA HAUJAPIGWA!

NDUGU msomaji, hebu pita upande wa Njiro uchungulie pale General Tyre. Kiwanda hicho kilianza kutoa matairi mwaka 1971. Serikali ilikuwa na hisa asilimia 74, na asilimia 26 za Wamarekani wa General Tire baadaye ziliangukia mikononi mwa Continental ya Ujerumani. Mwaka 2009 mashine zikanyamaza. Tangu hapo ahadi za kukifufua zimesemwa majukwaani mpaka zimechuja rangi.

Sasa jumlisha mwenyewe. 74 na 26 ni 100. Fungu la mfanyakazi liko wapi? HAKUNA! Na kinachouma zaidi, kiwanda hicho kilikopeshwa dola milioni 10 na NSSF. Fedha za NSSF ni za nani kama si za wafanyakazi? Yaani jasho la mfanyakazi linafaa kukikopesha kiwanda, lakini yeye mwenyewe hafai kuwa na hisa hata moja!

Wakubwa watatuambia ubinafsishaji ulifuata sheria. Kweli kabisa, na hapo ndipo penye kidonda. Sheria ya Mashirika ya Umma ilipitishwa mwaka 1992, Bunge likiwa bado la chama kimoja. JUWATA ilikuwa jumuiya ya CCM, na OTTU iliyoirithi mwaka 1991 ilikuwa ndiyo kwanza inatambaa. Nani angemshika mbunge shati kwa niaba ya fundi wa Unga Limited? Mwaka uliofuata nusu ya Kampuni ya Bia, pamoja na kiwanda chake cha hapa Arusha, ikaenda kwa Makaburu. Hisa zilipofika Soko la Hisa Dar es Salaam mwaka 1998, aliyekwisha kupunguzwa kazini angezinunua kwa nini, kwa vitambulisho vya zamani?

Baba yangu mdogo alifanya kazi miaka 19 katika kiwanda kimoja cha mjini hapa, jina nalihifadhi. Habari kwamba kimeuzwa aliisikia redioni, akinyoa ndevu.

Majirani zetu Wakenya walipobinafsisha Kenya Airways mwaka 1996, KLM walichukua asilimia 26 na wafanyakazi wakatengewa asilimia 3. Kijipande tu, nakubali. Lakini kiliandikwa!

Na huko Marekani mnakodhani kila kitu ni cha mabepari, mwanasheria Louis Kelso alihangaika miaka mingi na wazo la wafanyakazi kumiliki kampuni zao, watu wakimwona mwotaji. Mwaka 1973 akala chakula cha jioni na Seneta Russell Long, mwenyekiti wa Kamati ya Fedha ya Seneti. Seneta akaelewa. Mwaka 1974 jambo likawa sheria, na leo wenye hisa kwa njia hiyo ni zaidi ya milioni 10. Chakula kimoja cha jioni, na mtu mmoja aliyechaguliwa vizuri!

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Wameru walipofukuzwa Ngarenanyuki mwaka 1951, walichanga fedha wakampeleka Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Kura za Baraza Kuu hazikufika theluthi mbili, lakini dunia nzima ilisikia kilio cha Meru. Wakulima wa kahawa waliweza kufika New York, nyinyi Dodoma inawashinda?

Lakini mwende mkijua mnachokitaka. Mbunge akikuahidi kwamba peke yake atawafutia kodi makampuni ya wafanyakazi, anakudanganya mchana kweupe. Ibara ya 99 ya Katiba inataka jambo la kodi lipendekezwe na Rais, kupitia Waziri. Kwa hiyo mlango wa kodi ni Wizara ya Fedha, na baadaye Kamati ya Bajeti inapoita wadau kuutazama Muswada wa Fedha. Mbunge wenu mpeni kazi anayoiweza: muswada binafsi au hoja kwamba kiwanda cha umma kikiuzwa, wafanyakazi waulizwe kwanza.

Najua mhariri atanikunjia uso, lakini nasema: nendeni hata kwa wabunge wa CCM. Ndio waliojaa mle ndani! Mwiteni karakana aone mashine. Mpeni karatasi moja: wafanyakazi wangapi, deni kiasi gani, mashine ipi inahitaji nini. Mwombeni jibu kwa maandishi. Kisha someni Hansard mwone kama alifungua mdomo. Pilau na vitenge vya kumpokea acheni. Hivyo anapewa kila kijiji na havikumbuki.

Bunge la bajeti huanza Aprili. Basi la Dodoma linapita Babati na Kondoa, lami tupu. Nani kati yenu ameshachaguliwa kupanda?