MIFUGO YETU: Mbwa Anayejilamba Mno



Mama mmoja wa Nyamisangura, huko Tarime, alitupigia simu kutuuliza habari za mbwa wao, mlinzi wa zizi. Alisema mbwa huyo alikuwa akijilamba mguu wa mbele kwa siku tatu, usiku na mchana, hata manyoya yakatoka na ngozi ikawa nyekundu. Tena jana yake alimlamba mtoto mdogo kidonda cha goti. Bibi wa mtoto alisema, “Mwacheni, ulimi wa mbwa ni dawa.” Mama akauliza: Je, ni kweli? Na mbwa huyu ana nini?

Hatukungoja gazeti. Tulimjibu papo hapo: aoshe kidonda cha mtoto kwa sabuni na maji mengi, kisha ampeleke zahanati siku ileile. Leo twawaeleza ninyi nyote sababu yake.

Kwanza, kujilamba si ugonjwa. Mbwa hana mikono. Ulimi ndio kitambaa chake na sabuni yake. Jike huwalamba watoto wake ili kuwasafisha, na pia ili waweze kukojoa na kunya. Watoto nao hulamba mdomo wa mama wakiomba chakula. Ndiyo maana mbwa mzima humlamba bwana wake arudipo shambani: ni salamu. Tena jasho lina chumvi, na mbwa huipenda. Mambo haya yasiwatie hofu.

Lakini dalili ya mvua ni mawingu. Mbwa akishika mahali pamoja, akapalamba hata manyoya yakatoka, au akaacha kulala na kula kwa sababu ya kujilamba, basi anasema ana maumivu au mwasho. Mkagueni, ikiwa ni mpole kama kawaida yake na hana historia ya kuumwa na mnyama.

Akijilamba nyayo, tazameni kati ya vidole: huenda kuna mwiba, kupe au funza. Funza hawachagui, huingia miguuni mwa mbwa kama waingiavyo miguuni mwa watoto. Akijilamba na kujikuna mwili mzima, tafuteni viroboto na upele. Akijilamba sehemu za nyuma na kujiburura chini, yamkini ana minyoo. Akilamba midomo na ardhi huku akimeza mate mara kwa mara, tumbo lake limechafuka. Mbwa mzee hulamba kiungo kinachomwuma. Na mbwa afungwaye kamba mchana kutwa aweza kujilamba kwa uchovu tu wa kukaa bila kazi.

Kidonda kidogo kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Ili asikilambe tena, kateni kipande cha boksi gumu mkamvike shingoni kama kola pana. Ila msimpake oili chafu ya gari, wala dawa ya kuogeshea ng'ombe isiyopimwa na mtaalamu. Kitu chochote kipakwacho kwenye ngozi ya mbwa, kesho kimo tumboni mwake, kwa kuwa atakilamba. Wengi wamewaua mbwa wao kwa sumu wakidhani wanawatibu upele. Mwiteni Bwana Mifugo.

Sasa tulifikie lile lililotufanya tumharakishe Mama. Tulimwuliza neno moja: “Je, mbwa huyu aliumwa na mnyama siku za nyuma?” Akakumbuka kwamba mwezi uliopita mbwa asiyejulikana aliingia uani usiku, wakapigana, na wa kwao akaumwa mguu uleule. Tena hakuwa amechanjwa.

Wazazi, lishikeni jambo hili. Kichaa cha mbwa huweza kuanza hivyo. Kidonda cha zamani kilichokwisha pona huanza kuwasha upya, na mbwa hukilamba na kukitafuna bila kupumzika. Ugonjwa huu hukaa mwilini kwa majuma, pengine kwa miezi, kabla ya kuonekana. Ndipo mbwa hubadilika: mpole huwa mkali, au mkali hujificha gizani, sauti hubadilika, mate humtoka, taya hulegea, naye huuma hata vijiti na mawe. Kwa kawaida hufa ndani ya siku 10 tangu dalili zianze. Na hapa ndipo penye hatari: mate yake yaweza kuwa na ugonjwa siku kadhaa kabla hajaonyesha dalili yoyote.

Kwa hiyo si meno tu yanayoua. Mate ya mbwa mgonjwa yakigusa ngozi nzima isiyo na mchubuko, hayaingii, nawa tu. Lakini yakiingia kwenye kidonda, machoni au mdomoni, ni sawa na kuumwa. Na mtu akisha kuanza kuugua kichaa cha mbwa, karibu kila mara hufa. Dawa ni kuwahi tu.

Basi fanyeni hivi. Osheni mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Msipake majani, pilipili wala oili. Nendeni zahanati siku hiyohiyo. Ikikosa chanjo, endeleeni hadi hospitali ya wilaya, msirudi nyumbani kungoja. Malizeni sindano zote kwa tarehe zake. Mbwa msimguse, mfungieni mahali imara kama yawezekana bila hatari, mkamwarifu Bwana Mifugo. Ikilazimu auawe, asipigwe kichwani, kwa kuwa ubongo ndio upimwao.

Na lile neno la bibi? Twamheshimu, maana wazee wengi wamelisema. Nasi sote twamkumbuka Lazaro maskini, aliyelambwa vidonda na mbwa mlangoni pa tajiri. Lakini habari ile yaonyesha unyonge wake, haitufundishi uganga. Ulimi wa mbwa umepita kwenye mizoga na jalala, na kwenye sehemu zake za nyuma zenye mayai ya minyoo. Kidonda cha mtoto kifunikwe, na mbwa asilambe uso wake wala sahani yake.

Njia bora ni kuziba ufa mapema. Katika wilaya jirani ya Serengeti, kampeni ya kuchanja mbwa wa vijijini ilianza mwaka 1996. Waliohesabu waliona kichaa cha mbwa kimepungua sana, na watu waliokwenda hospitali kwa kuumwa wakapungua pia. Wataalamu wasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kwa hiyo siku ya chanjo ikitangazwa, pelekeni mbwa wote, pamoja na watoto wao, na mwaka ujao pia. Kila mwaka tarehe 28 Septemba huadhimishwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ni siku aliyokufa Louis Pasteur, mwaka 1895, yule Mfaransa aliyeleta chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu kwa wanadamu mwaka 1885.

Siku tunapoandika haya, mbwa wa Nyamisangura amefungiwa, anakula, na Bwana Mifugo anamwangalia. Huenda ni mwiba tu. Mtoto ameanza sindano zake, na bibi ndiye aliyembeba mgongoni kwenda zahanati. Hatumwambii Mama kwamba amejisumbua bure. Heri kujisumbua kwa mwiba kuliko kulala usingizi juu ya kichaa.

Mpaka juma lijalo, wasomaji. Na jioni ya leo, kabla ya kufunga zizi, mwangalieni mlinzi wenu miguuni.